Duara la Pilates na mgongo wa mtu wa mgodi

Kitu chenyewe kinafanana na volani ya motokari ya kuchezea watoto. Ni duara la chuma chembamba chenye kupindika, limevikwa mpira. Upana wake ni kama sentimeta 35 au kuzidi kidogo, na pande mbili lina vishikio laini, ndani na nje. Liliingia Lubumbashi ndani ya valizi ya dada mmoja aliyetoka Ubelgiji. Alilileta juu ya baba yake, mzee aliyefanya kazi miaka mingi chini ya ardhi, ambaye leo hawezi kufunga viatu bila kushika ukuta. Mzee alilipokea, akaligeuza mara mbili tatu, akauliza: "Motokari yenyewe iko wapi?"

Lupango zima likacheka. Dada akaeleza kwamba ni kitu cha spoti, spoti inayoitwa Pilates, na kwamba kule Ulaya watu wenye kuumwa mgongo wanaifanya sana. Hapo mdogo wake, kijana anayechimba kwa mkono upande wa Kolwezi na aliyekuja kusalimia tu, akasema neno ambalo limetufanya tuandike habari hii: "Yaya, miye nabeba mifuko tangu asubui paka magaribi. Weye unaniambia tena nifanye spoti?"

Swali hilo si la upuuzi. Tangu siku ile tumelisikia kwa watu wengine wengi: shofere wa kamyo kubwa za mgodi, mama wanaoosha mawe, hata vijana wa biro wanaokaa kwenye kiti kutwa nzima na ambao hawana haki kubwa ya kulalamika. Mtu aliyechosha mwili wake masaa mengi, arudi nyumbani, ale bukari yake, kisha alale chini tena kukamua duara la mpira, kwa faida gani? Tuliomba duara lile kwa muda, tukalijaribu sisi wenyewe jioni kwa jioni, na tukaenda kumuuliza kine mmoja wa hapa mjini, wale wanganga wa viungo wanaofundisha watu kutembea tena baada ya kuvunjika. Haya ndiyo tuliyopata.

Kwanza jina. Pilates haina uhusiano na Pontio Pilato wa Biblia, ingawa mama mmoja jirani alikuwa tayari kukataa kitu hicho kisiingie nyumbani mwake. Ni jina la Mjerumani, Joseph Pilates, aliyezaliwa mwaka 1883 katika mji wa Mönchengladbach. Utotoni alikuwa mgonjwa-mgonjwa, pumzi inamshinda, mifupa dhaifu, na alianza spoti ili apate afya kama watoto wengine. Kabla ya vita kuu ya kwanza alihamia Uingereza. Vita ilipolipuka mwaka 1914, Waingereza waliwakusanya wanaume Wajerumani waliokuwa kwao na kuwafungia ndani ya kambi. Pilates alifungwa Lancaster, kisha akapelekwa Knockaloe, kwenye kisiwa cha Man, kambi kubwa iliyokuwa na wafungwa zaidi ya 20,000. Ni huko, nyuma ya waya wa miiba, ndiko aliendeleza mazoezi yake na kuwafundisha wafungwa wenzake.

Mwaka 1926 alivuka bahari kwenda New York, na huko yeye na mwenzake Clara wakafungua chumba cha mazoezi kwenye barabara ya Eighth Avenue. Wacheza dansi wakubwa wa mji walimfuata, maana mcheza dansi naye anaishi kwa mgongo wake. Mwenyewe aliita elimu yake Contrology, yaani kuutawala mwili. Jina la Pilates lilishinda baadaye tu. Kati ya vyombo alivyobuni liko hili duara. Inasimuliwa kwamba la kwanza lilitoka kwenye ukanda wa chuma unaofunga pipa la bia. Hatukuwapo, lakini hadithi hiyo inatupendeza: kitu kinachouzwa leo kwa dola kilianza kama kipande cha pipa ambacho mtu mwingine angekitupa.

Tuseme pia kwamba kwa Kifaransa wanaliita duara la majiki. Hapa kwetu neno hilo ni baya, hasa pembeni ya mashimo, kunakozunguka watu wanaouza dawa za kuita madini. Duara hili haliiti kitu. Ni springi tu.

Sasa turudi kwa swali la kijana. Kine alimjibu kwa mfano wa shimo, na mfano wake ulimnyamazisha. Alisema: ndani ya shimo kuna kazi za namna mbili. Kuna wale wanaovuta mawe na kuyapandisha juu, na kuna miti inayoshika dari lisianguke. Unaweza kuongeza wavutaji 10, mawe yatapanda mbio zaidi, lakini hakuna hata mti mmoja utakaokuwa umeongezeka. Mwili wako ni vilevile. Kubeba mifuko kunaongeza nguvu ya wavutaji: mapaja, mabega, ile misuli mikubwa ya mgongo unayoiona ukivua shati. Miti ya kushika dari ni misuli mingine, midogo, ya ndani, na kazi ya kubeba haiifundishi vizuri. Kila mchimbaji anajua shimo lisilo na miti linaishia wapi.

Misuli hiyo iko wapi? Mmoja unazunguka tumbo lote sawa kitambaa ambacho mama anajifunga kiunoni. Mingine ni midogo sana, inashika pingili za uti wa mgongo moja kwa moja, pande zote mbili. Juu kuna msuli wa pumzi, chini ya mbavu. Na chini kabisa, katikati ya miguu, kuna msuli unaofanya sakafu ya nyonga, ile inayozuia mkojo. Zikishikana vizuri zote nne, kiuno kinakuwa kama sanduku lililofungwa vema, hata ukiweka mzigo juu halipindi. Taabu ni kwamba mtu akiumwa mgongo, misuli hii ya ndani mara nyingi inaanza kuchelewa kuamka, na inaweza kubaki hivyo hata maumivu yakipoa. Siku nyingine anainua kitu chepesi, ndoo ya maji nusu, na mgongo unakatika. Anashangaa: "Jana nilibeba mfuko muzima, leo ndoo tu?" Kumbe kwa mfuko alijitayarisha, kwa ndoo hakujitayarisha.

Hapo njo duara linaingia. Ukibana springi inakusukuma. Ukibana zaidi inasukuma zaidi. Na ukiachilia kwa ghafula inaruka. Basi inakulazimu mambo mawili ambayo mtu wa nguvu hayapendi: kubana kiasi tu, na kurudi polepole. Sisi tulikosa hapo hapo. Siku ya kwanza mmoja wetu, kifua mbele, alilikamua mpaka vishikio vikakaribiana, uso mwekundu, pumzi imefungwa, akidhani amefanya ajabu. Kine alipoona alicheka. "Umefanya kazi ya shingo," alisema. "Tumbo lako lilikuwa likilala." Alitaka tutumie nguvu kidogo sana, kama mtu anayeshika yai asitake kulivunja wala kuliangusha, na tutoe pumzi wakati wa kubana. Kujizuia pumzi kunapandisha tansio, na wenye tansio ya damu si wachache kati ya wababa wa mgodi.

Zoezi alilotuanzishia ni hili, na kwa majuma mawili hakutupa lingine. Lala chali juu ya mkeka au blanketi, si juu ya matela, maana matela inameza mgongo. Kunja magoti, nyayo zote mbili chini. Weka duara katikati ya mapaja, juu kidogo ya magoti, si kwenye kiungo chenyewe cha goti. Vuta pumzi kwa pua mpaka mbavu zifunguke pembeni. Ukianza kuitoa, kaza kwanza sakafu ile ya chini, kama mtu anayezuia mkojo, ingiza kitovu ndani kidogo, kisha bana duara ukihesabu moja, mbili, tatu. Usisukume kiuno chini kwa nguvu, wala kisiinuke, kibaki kilivyokuwa. Rudi tena kwa hesabu ya tatu. Usiache duara likurudishe, wewe ndiye unalirudisha. Fanya mara 8, pumzika, fanya 8 nyingine. Ukitetemeka mapaja, ni vizuri. Ukiumwa kiuno, unabana mno, punguza.

Baada ya majuma yale mawili tuliongeza kuinua nyonga. Ni mwili uleule, duara mahali palepale, lakini ukiisha kubana unainua makalio taratibu, pingili moja baada ya nyingine, mpaka goti, nyonga na bega viwe mstari mmoja. Unakaa pumzi moja, unashuka vilevile, kifua kwanza, makalio mwisho. Kushuka ndiko kugumu. Mzee wetu mwenye viatu alifanya mara 3 siku ya kwanza na akasema inatosha, akaenda kukaa kivulini.

Kwa shofere kuna namna ya kukaa. Mtu anayeendesha kamyo kubwa hachoki kwa kubeba, anachoka kwa kutikiswa; ule mtetemo wa masaa mengi, mwili umekaa, unahesabiwa kati ya mambo yanayoleta maumivu ya kiuno. Akipata nafasi, kamyo imesimama na imezimwa, ashuke kwanza atembee kidogo. Akirudi nyumbani akae ukingoni mwa kiti, mgongo wima, duara katikati ya viganja mbele ya kifua, viwiko vimekunjwa kidogo, mabega chini mbali na masikio. Abane akitoa pumzi, arudi polepole. Mara 10. Ni zoezi la kifua na mikono, ndiyo, lakini ukilifanya bila kuegemea utasikia tumbo limeamka lenyewe.

Na wamama. Jambo hili watu wanalisema kwa sauti ya chini, lakini tulisemeshwa na wengi mno hata tusiliandike. Mama aliyezaa mara nyingi, anayebeba mtoto mgongoni na beseni kichwani, akikohoa au akicheka mkojo unatoroka. Anadhani ni uzee, au ni aibu yake peke yake, anaacha kwenda kanisani. Mara nyingi ni sakafu ya nyonga iliyolegea, na inaweza kufundishwa. Lile zoezi la kwanza, la kulala chali, ni mwanzo mzuri kwake, kwa sababu kaza ya chini inatangulia kubana kwa mapaja. Lakini asidanganyike: kubana mapaja bila kukaza ndani hakumsaidii huko. Aliyezaa juzi asubiri ruhusa ya mkunga au munganga, na mwenye mimba asianze peke yake.

Tunajua swali linalofuata: falanga. Duara la kununua halipatikani kila mahali, na pale linapopatikana mtu anaweza kuona bora anunue unga. Tulitafuta njia. Kwanza tulichukua kipande cha tiyo ya maji ya plastiki, tukakipinda, tukafunga kwa waya. Kilikatika zoezi la pili na kumpiga mwenzetu mkononi. Kingempiga jichoni tusingecheka. Msijaribu hiyo, wala chuma cha pipa kutoka kwa wauza vyuma, hata kama Pilates mwenyewe alianza nacho. Chuma kile kina ncha, na hakijui kusimama mahali pamoja.

Kilichofaa ni mpira wa watoto, ule wa kandanda au mdogo kuliko huo, uliotolewa upepo kidogo, mpaka ukibonyeza kidole kiingie. Uweke katikati ya mapaja kama duara, kazi ni ileile. Mto uliokunjwa na kufungwa kamba nao unasaidia, ila hausukumi sana. Duara lina faida nyingine: unaweza kuingiza miguu yote miwili ndani yake na kusukuma kwenda nje, ambayo ni kazi ya misuli ya pembeni ya nyonga. Kwa hiyo mpira hautoshi. Hapo chukua mpira wa ndani wa kinga, ule ambao fundi ameisha kuutupa, ukate kipande, ukifunge kuzunguka mapaja yote mawili juu ya magoti, uwe umelala chali au ubavu, kisha fungua magoti polepole na kuyarudisha polepole. Osha mpira kwanza, unanuka. Na ukague kama haujapasuka.

Dakika 10 au 15, mara 3 kwa juma, inatosha kuanza. Asubuhi ukiwa umeamka tu, mgongo uko mgumu. Tembea kwanza, nawa, kunywa chai. Wengi wa zamu ya usiku wametuambia saa nzuri kwao ni baada ya kulala, kabla ya kula.

Lakini kuna mgongo ambao duara halipaswi kuugusa. Kama ulianguka shimoni au ulipigwa na jiwe. Kama mguu unakufa ganzi au unakosa nguvu, kama sehemu ya kukalia imekuwa kama si yako, kama mkojo au choo vinatoka bila kujua au vimefungwa: hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, si kesho. Kama maumivu yanazidi usiku, na kuna homa, kukonda, jasho, usiseme ni kazi tu. Kifua kikuu kinaweza kuingia hata kwenye uti wa mgongo, na kina dawa. Ametuambia kine kwamba wengi wanaofika kwake walikuwa wamemaliza miezi na vidonge vya kununua barabarani. "Mugongo inauma, nakunywa kidonge, narudia kazi," ndivyo wanavyosema. Kidonge kinanyamazisha mlinzi, mwizi anaendelea.

Je, Pilates inaponya? Tuseme kweli. Mwaka 2015 watafiti wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio 10 juu ya Pilates na maumivu ya kiuno. Waliona inasaidia kupunguza maumivu kuliko kukaa bila kufanya kitu, ingawa majaribio yenyewe hayakuwa na nguvu nyingi. Kwamba inapita mazoezi mengine, hilo halikuthibitika. Kwa hiyo anayekuuzia duara akikuambia ni dawa, mwachie duara lake. Ukiwa tayari unaogelea, au unatembea sana, au una mazoezi mengine uliyofundishwa na kine na yanakufaa, endelea nayo.

Tena hakuna duara linaloweza kuupunguza mfuko. Hili kijana wa Kolwezi alilisema kwa hasira, na hatukuwa na jibu la kumtuliza: unaweza kuimarisha miti ya shimo namna gani, ukiendelea kuweka mlima juu yake siku moja utaanguka. Mwaka 1967, mwaka ule ule Joseph Pilates alipofia New York, Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mapatano juu ya mizigo ya kubeba kwa mkono, kwamba mfanyakazi asilazimishwe kubeba kinachoweza kuharibu afya yake. Katika mapendekezo yaliyoambatana nayo waliandika kilo 55 kwa mwanaume mtu mzima, na kwamba penye kuzidi hapo, mzigo upunguzwe haraka iwezekanavyo. Tulimwuliza kijana mfuko wake una kilo ngapi. Alituangalia, akacheka kidogo, akasema haupimwi pale wanapoubeba, unapimwa pale wanapoununua.

Alituuliza basi afanye nini na mfuko. Alichosema kine ni kifupi: ugawe ikiwezekana, hata kama ni safari mbili, mkaribishe mwenzako akusaidie kuuinua kutoka chini, kwa maana kuinua kunaumiza kuliko kutembea nao, usigeuze kiuno ukiwa nao begani, geuza miguu, na kabla ya kuuinua, toa pumzi na kaza ndani, vilevile ulivyojifunza ukiwa umelala na duara. Kijana aliomba amwonyeshe tena hilo la mwisho. Alilijaribu kwa kuinua mfuko wa makala uliokuwa pale nyuma ya jiko, mara tatu, bila kusema neno.

Mzee anaendelea. Ni mwezi wa pili sasa. Duara amemrudishia binti yake apeleke kwa mama mkubwa, yeye anasema mpira unamtosha. Viatu bado anashika ukuta siku za baridi. Siku nyingine hashiki. Taabu iliyobaki ni wajukuu, kwa sababu mpira ni wao, na kila saa kumi jioni wanasimama mlangoni kumngoja amalize.